Rachel Carson: Mpenda bahari aliyeingia bustanini akawatoa kijasho wauza dawa

Januari 1958, barua ilimfikia Rachel Carson nyumbani kwake Silver Spring, jimbo la Maryland, Marekani. Aliyeiandika alikuwa rafiki yake, Olga Owens Huckins wa Duxbury, Massachusetts, na alikuwa amefura kweli kweli. Kiangazi kilichotangulia, eropleni ilikuwa imepita juu ya boma lake ikimwaga DDT ili kuua mbu. Muda si muda alianza kuokota ndege waliokufa uani, wengine kando ya beseni la maji alilowatengea wanywe na kuoga. Panzi walitoweka. Nyuki pia. Na mbu je? Mbu walibaki, tena wakali kuliko mwanzo.

Huckins alikuwa ameyaandikia gazeti la Boston malalamiko hayo, kisha nakala akamtumia Carson akimwomba amtafutie mtu kule Washington anayeweza kusaidia. Carson alianza kuulizia huku na kule. Kadiri alivyouliza ndivyo alivyong'amua kuwa huyo mtu alikuwa ni yeye mwenyewe. Alikuwa na miaka 50, mwandishi wa vitabu vya bahari, na mambo ya mbu na viwavi hayakuwa fani yake. Lakini miaka minne baadaye kitabu chake, Silent Spring, kiliwafanya wakuu wa viwanda vya kemikali kukosa usingizi.

Alizaliwa Mei 27, 1907, kitinda mimba wa watoto watatu, kwenye shamba dogo pale Springdale, Pennsylvania, karibu na mto Allegheny. Familia haikuwa na pesa. Kilichokuwapo ni mama mwenye subira. Maria Carson alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa, na alimtembeza bintiye vichakani na kando ya vijito akimwonyesha ndege, maua na wadudu, kila kimoja kwa jina lake. Mtoto akapenda vitu viwili, viumbe na kuandika. Akiwa na miaka 11 tayari hadithi yake ilikuwa imechapishwa kwenye jarida la watoto.

Aliingia chuo cha wanawake mjini Pittsburgh akitaka kuwa mwandishi. Huko akakutana na mwalimu wa biolojia, Mary Scott Skinker, na akili ikageuka: akaacha Kiingereza, akachukua sayansi. Alihitimu 1929, akaenda Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na kupata shahada ya uzamili ya zuolojia mwaka wa 1932. Alitaka kuendelea hadi udaktari lakini pesa zilikataa. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka na nyumbani walimtegemea. Mwaka wa 1935 babake akafa. Mapema 1937 dadake naye akafa na kuacha wasichana wawili wadogo, wakabaki mikononi mwa Rachel na mamake.

Kazi aliyoipata ilikuwa ya kuandika vipindi vya redio kuhusu samaki, katika idara ya serikali ya uvuvi. Baadaye alifanya mtihani wa utumishi wa umma, akaajiriwa kama mwanabiolojia mwaka wa 1936, enzi ambazo mwanamke katika ofisi kama hiyo alitarajiwa kupiga taipu. Mchana alihariri ripoti za wanaume. Usiku aliandika yake. Kufikia 1949 ndiye aliyekuwa mhariri mkuu wa machapisho yote ya idara. Halafu 1951 kikatoka kitabu chake The Sea Around Us, kikakaa wiki 86 kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi ya gazeti la New York Times. Akaacha kazi ya serikali, akajenga nyumba ndogo ufuoni huko Maine, na hapo ungedhani maisha yamemnyookea.

Hayakunyooka. Mapema 1957 mmoja wa wale wapwa zake aliowalea alifariki na kuacha mvulana wa miaka mitano, Roger. Carson, asiye na mume, akiwa na mama mzee wa kumtunza, akamchukua mtoto huyo kuwa wake. Huyo ndiye mtu aliyepokea barua kutoka Duxbury.

Ili kuelewa alichokuwa anakabiliana nacho, lazima ujue jinsi watu walivyoipenda DDT. Mwaka wa 1939 mkemia wa Uswisi, Paul Müller, aligundua kwamba inaua wadudu kwa namna ya ajabu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili jeshi la Marekani liliwapulizia watu wa Naples unga huo ili kuua chawa, na homa ya taifasi ikakatika. Müller alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1948. Vita vilipoisha viwanda vilikuwa na shehena ya dawa na vilihitaji wateja, basi wakawageukia wakulima na watu wenye nyasi mbele ya nyumba zao. Mtu aliyetilia shaka alionekana mshamba. Carson mwenyewe alijaribu kuliuzia jarida la Reader's Digest makala kuhusu hatari za DDT mwaka wa 1945. Wakakataa.

Kufikia miaka ya hamsini mambo yalikuwa yamepita mpaka. Ulikuwa unaingia duka kubwa kununua chakula na sumu ya wadudu iko pale pale, rafu inayotazamana na achari, jirani na sabuni ya kufulia, tena kwenye chupa ya glasi ambayo mtoto angeweza kuiangusha. Kulikuwa na kifaa cha kufunga kwenye mpira wa kumwagilia maji, kwa hivyo ukinyunyizia nyasi unanyunyiza pia klodeni au dieldrini. Kulikuwa hata na mashine za kukata nyasi zilizotoa moshi wa dawa huku baba mwenye nyumba akitembea nyuma yake Jumamosi asubuhi, akivuta yote kifuani. Carson alitenga sura nzima kuhusu sumu hizi ndogo ndogo za nyumbani. Kwangu hiyo ndiyo sura inayotisha kuliko zote, kwa sababu ndani yake hakuna mtu mbaya. Ni watu wa kawaida wanaotaka maua yapendeze.

Wengine hata hawakuulizwa. Huko Long Island, New York, mwaka wa 1957, serikali iliamua kupambana na nondo waharibifu wa miti kwa kumwaga DDT iliyochanganywa na mafuta kutoka angani. Ilimwagwa juu ya vijiji, mabwawa, shule na bustani za watu. Marjorie Spock na rafiki yake Mary Richards walikuwa na shamba la mboga walilolitunza bila kemikali yoyote, kwa sababu afya ya Richards ilidai chakula safi. Likalowa dawa mara kadhaa siku moja. Wakaenda kortini pamoja na majirani, akiwemo mtaalamu maarufu wa ndege Robert Cushman Murphy. Walishindwa, na mwaka wa 1960 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza rufaa yao. Ila wakati kesi ikiendelea, Spock alikuwa akimtumia Carson taarifa za kila kilichosemwa kortini. Kesi iliyopotea ikawa hazina ya mwandishi.

Kisha kulikuwa na kisa cha ndege aitwaye robini, mwenye kifua chekundu, anayependwa na Wamarekani kwa sababu akionekana wanajua baridi imekwisha. Katika chuo kikuu cha Jimbo la Michigan walianza kupiga dawa miti ya elmu mwaka wa 1954 ili kuua mende wanaoeneza ugonjwa wake. Mwaka uliofuata robini walianza kuanguka kwenye nyasi za chuo wakitetemeka. Lakini hakuna aliyewapulizia! Profesa George Wallace na wenzake waliifuata njia ya sumu. Dawa ilibaki kwenye majani, majani yakaanguka, nyungunyungu wakayala, na robini wakawala nyungunyungu. Ilikadiriwa kwamba nyungunyungu 11 wakubwa wangetosha kumuua robini mmoja, na robini mwenye njaa huwamaliza hao kwa dakika chache tu.

Jambo la tatu alilolikusanya lilikuwa la aibu zaidi kwa wenye viwanda, maana lilionyesha kuwa dawa inajishinda yenyewe. Ukipiga bustani dawa, hufi wadudu wote. Wale wachache wanaohimili huzaana, na baada ya vizazi kadhaa unabaki na ukoo mzima usiojali. Kabla ya 1945 aina zilizojulikana kuwa sugu zilikuwa kama dazeni moja hivi. Kufikia 1960 zilikuwa 137. Tena dawa haichagui. Utitiri mwekundu, kile kiumbe kidogo kinachofyonza majani hadi yakawa kama yamechomwa, ulikuwa ukidhibitiwa na wadudu wanaoula. DDT iliwaua walinzi, utitiri ukabaki, ukafurahia karamu.

Watu wengi humkumbuka Carson kama mtu wa kusema hapana. Hii si haki. Hakutaka kila dawa ipigwe marufuku, na aliliandika hilo waziwazi. Alichokitaka ni mtu ajue anachomwaga, na ajaribu njia nyingine kwanza. Na sura ya mwisho ya kitabu inazungumzia njia nyingine hizo, kwa furaha ya mtu aliyependa wadudu tangu utotoni.

Chukua waridi za Uholanzi. Bustani za umma za mji mmoja huko zilikuwa na waridi wanyonge, na wataalamu walipochunguza udongo wakakuta minyoo midogo sana, nematodi, inayotafuna mizizi. Badala ya kumwaga dawa ardhini walishauri marigoldi ipandwe katikati ya waridi. Ni ua la kawaida, la manjano au rangi ya chungwa, lenye harufu kali. Mizizi yake hutoa kitu kinachoua nematodi. Sehemu zilizopandwa marigoldi waridi walinawiri, na sehemu zilizoachwa bila, waliendelea kunyong'onyea. Kipimo safi kabisa, na gharama yake ni mbegu za maua.

Au chukua michungwa ya California. Katika karne ya 19 ilivamiwa na mdudu gamba mweupe kama pamba, aliyetoka Australia, na wakulima wengine wakaanza kung'oa miti. Mwaka wa 1888 serikali ikamtuma Albert Koebele huko huko Australia kutafuta anayemla mdudu huyo. Akarudisha mdudu kibibi wa aina ya vedalia, mwekundu mwenye madoa meusi, wale wachache wa kwanza wakazaana, na ndani ya miaka miwili michungwa ikapumua. Ulinzi huo ulidumu zaidi ya nusu karne bila mtu kulipia. Halafu ikaja DDT, wakulima wakaijaribu kwa wadudu wengine, vedalia wakafa sehemu nyingi, na mdudu gamba akarudi. Carson hakuhitaji kupiga kelele hapo. Alipanga tu matukio kwa mfuatano.

Mtu mwenye bustani ndogo, hata ya magunia kwenye roshani, anaweza kuitumia hoja hiyo moja kwa moja. Vidukari wa kijani wanapojazana chini ya jani la sukuma, mdudu kibibi huja kuwala, ila huchelewa kidogo, kwa sababu lazima chakula kiwepo kwanza. Kiluwiluwi chake hakifanani na mzazi hata kidogo. Ni cheusi, kirefu, kama mamba mdogo mwenye madoa, na watu humponda wakidhani ni adui mpya kumbe ndiye mlaji mkubwa zaidi. Anayepiga dawa siku ya kwanza anamuua askari njiani, na vidukari, ambao huzaa haraka bila hata kuhitaji dume, wanarudi kabla yake. Kuwaosha kwa maji au povu la sabuni kunampa askari nafasi ya kufika.

Alitaja pia bakteria iliyopatikana Ujerumani kwenye jimbo la Thuringia, inayowaua viwavi na kuwaacha ndege, nyuki na watu. Hadi leo inauzwa kwa wenye mashamba na bustani. Pareto, ambayo Kenya iliongoza dunia kwa kuizalisha kwa miongo mingi, aliitaja kati ya dawa za zamani zilizotokana na mimea. Hapa niongeze langu: asili si ruhusa ya kumwaga ovyo, maana pareto pia huua nyuki wakipulizwa. Ipige jioni wakiwa wamelala.

Lakini kilichomvutia zaidi kilikuwa wazo la Edward Knipling wa idara ya kilimo: fuga wadudu kwa mamilioni, wapige mnururisho hadi madume wawe tasa, kisha waachilie. Majike wanapandwa, wanataga, na mayai hayaanguliwi. Mwaka wa 1954 walijaribu kwenye kisiwa cha Curaçao dhidi ya nzi anayeweka funza kwenye vidonda vya mifugo, na nzi huyo akaisha kisiwani. Kwetu hii si hadithi ya mbali. Kisiwa cha Unguja kilitangazwa kuwa huru kutokana na mbung'o mwaka wa 1997, na pigo la mwisho lilitoka kwa madume tasa.

Wakati Carson akiandika haya, mwili wake ulikuwa unasambaratika. Mamake alikufa Desemba 1958. Katika masika ya 1960 madaktari walimkata titi. Aliuliza kama ni saratani na hakuambiwa ukweli. Ilikuwa kawaida zama hizo kumficha mwanamke ugonjwa wake mwenyewe. Aliupata ukweli Desemba mwaka huo, baada ya kutafuta daktari mwingine, na saratani ilikuwa tayari imesambaa. Ikafuata tiba ya mionzi, maambukizi, miguu ikamkataa kwa muda, kisha mwishoni mwa 1961 macho yakavimba hata hakuweza kusoma. Msaidizi wake, Jeanne Davis, alikuwa akimsomea kurasa kwa sauti ili asahihishe kwa kusikia. Kitabu kuhusu sumu ndani ya miili kikawa kinaandikwa na mtu aliyekuwa akipigwa mionzi.

Alificha ugonjwa huo, isipokuwa kwa watu wa karibu. Alihofia wenye viwanda wangesema ameandika kwa uchungu wa mgonjwa. Hivyo alivaa wigi, akakaa kwenye viti vya mahojiano bila kuonyesha, akajibu kila swali kwa utulivu.

Jarida la New Yorker lilianza kuchapisha sehemu za kitabu Juni 1962, na kitabu chenyewe kikatoka Septemba 27. Kampuni ya Velsicol, iliyotengeneza klodeni, ilikuwa tayari imemtisha mchapishaji kwa barua. Monsanto ilichapisha hadithi ya kumkejeli, ya dunia iliyoliwa na wadudu kwa kukosa dawa. Mwakilishi wa kampuni moja, Robert White-Stevens, alizunguka nchini akimwita adui wa maendeleo. Wengine hawakugusa hata hoja. Walimtaja kama mwanamke asiye na mume, mpenda paka na ndege. Alikuwa na kurasa zaidi ya 50 za marejeo mwishoni mwa kitabu, na wengi wa waliomshambulia hawakuzifungua.

Rais Kennedy aliulizwa kuhusu suala hilo Agosti 1962, akakiri kuwa serikali ilikuwa ikilichunguza kwa sababu ya maandishi ya Carson. Kamati ya wanasayansi wake ilitoa ripoti Mei 1963, na kwa sehemu kubwa ilimuunga mkono. Mwezi mmoja kabla, televisheni ya CBS ilipoonyesha kipindi kumhusu, watatu kati ya wafadhili watano wa matangazo walijitoa. Kipindi kikaonyeshwa hivyo hivyo. Tarehe 4 Juni aliketi mbele ya maseneta akiwa na wigi yake, akiwa hawezi kutembea mbali, akasoma ushahidi wake.

Kuna shutuma moja isiyokufa, nayo inatuhusu sisi wa nchi za malaria: kwamba Carson aliua watu kwa kuwanyima DDT. Hebu tuitazame. Marekani ilipiga marufuku matumizi yake mengi mwaka wa 1972, miaka minane baada ya yeye kufa, na marufuku hiyo ilikuwa ya Marekani. Mkataba wa Stockholm wa 2001, unaodhibiti sumu za aina hii duniani, uliacha mlango wazi kwa ajili ya mbu wa malaria, na Shirika la Afya Duniani liliunga mkono kuipuliza ndani ya nyumba mwaka wa 2006. Na Carson alikuwa ameonya kuwa kuitumia kupita kiasi kungezalisha wadudu wa magonjwa wasiosikia dawa. Anayemwaga dawa ovyo kwenye pamba au nyasi anamfundisha mbu kuishi nayo. Sasa nani hapo alikuwa akiilinda kinga dhidi ya malaria?

Aliaga dunia Aprili 14, 1964, nyumbani Silver Spring, akiwa na miaka 56. Saratani ilikuwa imefika kwenye ini, moyo ukasimama. Roger, aliyekuwa na miaka 12, alichukuliwa na familia ya Paul Brooks, mhariri wa Silent Spring. Sehemu ya majivu yake ilizikwa karibu na mamake. Iliyobaki, rafiki yake Dorothy Freeman aliibeba hadi ufuo wa Maine, mahali ambapo wawili hao walikuwa wakikaa kwenye miamba wakitazama mawimbi, na akaimwaga baharini.